Shahada ya Mama Pacha

Kuna watu huamka asubuhi wakijua wanachokitaka, wakapiga mswaki, wakatoka kwenda kukitafuta. Mama Pacha hakuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka thelathini na sita, watoto watatu, mume mmoja, mama mkwe mmoja anayetosha watatu, na fomu ya chuo kikuu yenye kisanduku kimoja kitupu. Kisanduku chenyewe kilikuwa kidogo, hata kidole gumba kingekifunika. Juu yake palikuwa pameandikwa: "Shahada uliyochagua." Kwa siku kumi na mbili alikuwa akikitazama, na kila akikitazama alihisi kichwa kimejaa pamba.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mama Pacha alikuwa karani wa masjala katika hospitali kubwa, kile chumba cha nyuma ambako mafaili ya wagonjwa hupangwa kuanzia sakafuni mpaka darini. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Hospitali ilikuwa na utaratibu wa kumruhusu mfanyakazi mmoja tu, kila baada ya miaka mitatu, aende kusoma huku kiti chake kikimsubiri. Mara mbili aliomba, mara mbili akapigwa chenga. Safari hii jina lake lilitoka, na chuo nacho kikampokea kwa mlango wa watu wazima. Kilichobaki ni kujaza kisanduku na kurudisha fomu kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Asiporudisha, nafasi ingekwenda kwa anayefuata kwenye orodha, naye ni bwana mmoja wa stoo ya dawa ambaye kila wakikutana kwenye korido humwuliza, "Dada, fomu imeshaenda?" kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya mgonjwa mahututi.

Ungedhani mtu aliyeomba mara tatu anajua anachokiomba. Wapi! Alichokitaka ni kusoma. Kusoma nini, hilo hakuwa amefika nalo. Orodha ya chuo ilikuwa na shahada arobaini na sita, na nyingine majina yake tu yalimtaka mtu avute pumzi katikati.

Ushauri haukukosekana. Penye wengi pana mengi, na kwake walikuwa wengi wa kutosha. Mumewe, fundi wa majokofu, alitaka asome ualimu. "Watoto wakifunga shule, na wewe umefunga," alisema. "Unataka nini tena?" Mama mkwe, aliyekaa nyumba ya pili na kumlea kitindamimba saa za kazi, alitaka uuguzi. "Wagonjwa hawaishi, mwanangu," alisema. "Dunia ikifungwa leo, wa mwisho kuzima taa ni muuguzi." Mkuu wa masjala naye alitaka achukue utawala, kwa sababu vipindi vyake ni vya jioni, kwa hiyo asubuhi angeweza "kupitapita" masjala na kusaidia. Kila mmoja alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa nzuri, na hapo ndipo palipomtia wazimu. Akizungumza na mumewe alikuwa mwalimu. Akivuka ua kwenda kwa mama mkwe, amekwisha kuwa muuguzi. Akifika kazini ni mtawala. Jioni akiwaogesha watoto hakuwa chochote ila mtu mwenye mikono yenye povu.

"Na wewe mwenyewe unataka nini?" mumewe alimwuliza siku moja walipokuwa wakikunja nguo.

"Nataka nijue ninachokitaka."

"Hiyo hawafundishi," alisema mumewe, akaendelea kukunja.

Kwa bahati chuo kilikuwa na huruma na watu wa aina yake. Wiki ya mwisho kabla ya kurudisha fomu, wale wa mlango wa watu wazima waliruhusiwa kuingia darasa lolote, wakae nyuma, wasikilize bila kuulizwa swali. Waliiita wiki ya kuonja. Mama Pacha akaomba ruhusa kazini, akachora jedwali: shahada, saa za vipindi, na nani atakayewachukua pacha saa sita na nusu chekechea inapofungwa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo aliyoichora kwa rula.

Hapa sina budi kueleza habari ya kadi nyekundu, maana bila hizo yaliyotokea yasingetokea. Katika masjala, faili halitoki rafuni hivi hivi. Anayelichukua huacha kadi nyekundu mahali pake, yenye jina lake na saa aliyolichukua. Ukiikuta kadi hutafuti wala hupigi kelele. Unajua faili liko kwa fulani. Mama Pacha aliupenda utaratibu huo hata akauhamishia nyumbani. Nyuma ya mlango wa sebule alipigilia misumari mitatu, akatundika kadi tatu nyekundu, moja kwa kila mtoto, na kila asubuhi aliandika kwa penseli nani atamchukua nani, saa ngapi. Mwanzoni mumewe alicheka mpaka akatoa machozi. Baada ya mwezi mmoja alikuwa anaiamini kadi kuliko anavyomwamini mkewe. Hata mama mkwe, asiyeamini saa ya ukutani, alikuwa akija, anasoma kadi, anarudi kwake ameridhika.

Jumatatu Mama Pacha alionja uuguzi. Wanafunzi walikuwa wakijifunza kumgeuza mgonjwa wa plastiki kitandani, na mwalimu alitaja magonjwa kwa majina ambayo yeye alikwisha kuyasoma mara elfu kwa hati mbaya za madaktari. Alielewa kila neno. Alitoka akijiambia, ndiyo, ni hii. Alipofika kituoni akakumbuka kwamba muuguzi ana zamu za usiku, na kitindamimba alikuwa bado ananyonya. Jumanne alionja ualimu. Somo lilikuwa namna ya kulituliza darasa lenye fujo, na mwalimu alilifundisha vizuri sana. Ndiyo, ni hii. Akarudi nyumbani, pacha wakamparamia wote wawili kwa wakati mmoja, mmoja anauliza na mwingine anavuta sketi, naye akawawazia wengine arobaini nyuma yao. Jumatano jioni alionja utawala. Alitazama saa mara kumi na moja, alizihesabu. Lakini vipindi vyake vilikaa vizuri kwenye jedwali, havikuigusa saa sita na nusu hata kidogo, na mwenye watoto wadogo hawezi kudharau jambo kama hilo.

Kwa hiyo alibaki na shahada tatu, zote sahihi. Aliingia bafuni, akafungua bomba ili asisikike, akalia. Hakujua analia nini. Alikuwa amepata alichokililia miaka sita, na sasa alikuwa akitamani wampe bwana wa stoo, mambo yaishe.

Alhamisi alikusudia kurudi ualimu, asikilize mara ya pili. Kwenye kadi za pacha aliandika "Mama, 6:30". Alipofika chuoni alikuta karatasi mlangoni: kipindi kimesogezwa mbele saa moja. Akaingia darasa la jirani, si kwa kulipenda, bali kwa sababu kulikuwa na kiti kitupu karibu na mlango. Mwenye watoto wadogo hukaa karibu na mlango popote pale, hata msibani.

Mbele alisimama mwanamke mfupi, miwani inaning'inia kifuani, ameshika mfuko wa maharage mabichi.

"Humu mna maharage mangapi?" aliuliza. "Hakuna ruhusa ya kuyahesabu yote."

Wanafunzi wakakisia, kila mtu na lake. Mwalimu hakumjibu hata mmoja. Alichota maharage arobaini, akawapa waliokaa mbele wayatie nukta ya wino, akayarudisha mfukoni, akautikisa mfuko mpaka mkono ukamchoka. Kisha akachota tena, safari hii hamsini. Kati ya hayo, matano yalikuwa na nukta.

"Matano katika hamsini," alisema. "Ni moja katika kila kumi. Basi yale arobaini yangu ni sehemu ya kumi ya mfuko mzima. Mfuko una mangapi?"

"Mia nne," sauti moja ilisema, bila uhakika.

Wakayamwaga mezani, wakagawana, wakayahesabu moja moja. Yalikuwa mia nne na kumi na mbili.

Darasa lilicheka na kupiga makofi. Mama Pacha hakupiga. Nywele zilikuwa zimemsimama. Kumbe mtu anaweza kuhesabu asichokiona!

Maana mwaka uliotangulia mkuu wa masjala aliamuru yatafutwe mafaili yaliyorudishwa rafu zisizo zake. Mama Pacha aliyaona sitini. Mwenzake wa meza ya pili aliyaona hamsini. Katika orodha zao mbili, ishirini yalikuwa yale yale. Mkuu akajumlisha, akaondoa yaliyojirudia, akapata tisini, akawaandikia wakubwa kwamba yote yamepatikana. Sasa Mama Pacha aligeuza nyuma ya jedwali lake na kushika penseli. Katika hamsini ya mwenzake, yeye alikuwa ameyaona ishirini, yaani mawili katika kila matano. Basi sitini yake nayo ni mawili katika kila matano ya yote yaliyopotea. Yote ni mia na hamsini. Yaliyopatikana tisini. Yaliyobaki sitini, na hakuna mtu aliyeyaona wala anayejua kwamba yapo.

Alirudia hesabu mara tatu, na kila mara sitini yalikuwa pale pale yakimtazama. Wagonjwa sitini waliokuja dirishani wakaambiwa faili halionekani, tufungue jipya, na ugonjwa wao ukaanza upya kana kwamba wamezaliwa jana. Alikasirika. Alifurahi. Hakujua afanye nini na vyote viwili kwa pamoja.

Kipindi kilipokwisha alikwenda mbele. "Mwalimu, samahani, mimi si mwanafunzi. Mimi naonja tu."

"Onja," alisema mwalimu, akifunga mfuko wake.

Mama Pacha akaeleza habari ya mafaili. Mwalimu akaweka mfuko chini, akavaa miwani. "Mlitafuta pamoja, au kila mtu kivyake? Kama mlikuwa mnaonyeshana, hesabu inaharibika."

"Kivyake kabisa. Tulikuwa hatusemezani."

"Kwa nini tena?"

"Feni. Mimi nataka iwashwe, yeye inampeperushia karatasi."

Mwalimu akacheka mpaka akashika meza. "Ugomvi wenu umeokoa hesabu," alisema, akampa chaki.

Basi wakaingia ndani ya hesabu yenyewe. Je, mafaili manene huonekana upesi kuliko membamba? Huonekana. Basi membamba yamejificha zaidi, na sitini inaweza kuwa pungufu. Kwa kiasi gani? Wakagawa ubao katikati, manene huku, membamba kule. Mama Pacha, ambaye kwa siku kumi na mbili hakuweza kuamua hata rangi ya kalamu, alikuwa akimkatiza mwalimu wa chuo kikuu na kumwambia hapana, hapo sivyo, rafu ya juu hakuna anayeifikia. Vumbi la chaki lilimjaa mikononi. Hakuwaza ualimu, hakuwaza uuguzi, hakuwaza kitu. Mwishowe aliinua macho kutafuta nafasi ya kuandikia, na saa iliyotundikwa juu ya ubao ilikuwa saa saba na dakika arobaini.

Chaki ilimponyoka. Alihisi damu yote imemshukia miguuni. Kisha miguu yenyewe ikaanza kukimbia.

Simu yake, aliyoinyamazisha kwa heshima ya darasa, ilikuwa na simu nne za mwalimu wa chekechea. Mwalimu huyo alikuwa amempigia mumewe pia. "Kadi imeandikwa Mama," mumewe alijibu akiwa ameingiza kichwa nyuma ya jokofu la watu. "Basi Mama yuko njiani." Mama mkwe naye alikuwa amepita sebuleni, akasoma kadi, akarudi kwake kumlaza kitindamimba. Watu wazima watatu, na hakuna aliyekuwa na wasiwasi.

Pacha walikuwa wa miaka mitano, msichana na mvulana. Msichana walimwita Bi Maswali. Mvulana, kwa uzito wake wa mambo, walimwita Mzee. Mama yao aliwakuta wamekaa sakafuni, kwa sababu viti vyote vilikwisha kupangwa juu ya meza, na mwalimu wao amekaa nao, mkoba wake begani. Mzee alikuwa na begi lake mgongoni, mikanda imefungwa. Mwalimu alisema tangu saa sita na nusu amekataa kulivua, maana mama anakuja.

"Mama," alisema Bi Maswali, "ulikuwa umetusahau?"

Uongo haukuwa mbali. Foleni ilikuwepo, kazi ilikuwepo, basi lililoharibika lilikuwepo. Mama Pacha alipiga magoti, bado anahema, chaki mpaka kwenye viwiko.

"Ndiyo," alisema. "Nilisahau."

Mzee aliinuka na begi lake mgongoni. Alimshika kidole kimoja na hakukiachia mpaka nyumbani.

Nyumbani baraza lilikuwa limekwisha kukaa. Mama mkwe alikuwa amesimama, dalili mbaya. "Ulikuwa wapi?"

"Darasani, Mama."

"Darasa gani linamsahaulisha mtu watoto?"

"La maharage."

Mama mkwe alimtazama, akamtazama mwanawe, akamtazama tena. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishika mbavu, kisha akakumbuka kwamba amekasirika. "Wajukuu zangu wanakaa chini kama mizigo kwa ajili ya maharage! Mimi nimezaa sita, sijasahau hata kuku!"

Mumewe hakucheka. Alimsubiri mama yake aondoke, akavuta kiti. "Nimeangalia jedwali lako," alisema. "Hiyo ya maharage, inaitwaje?"

"Takwimu."

"Takwimu ina vipindi mchana karibu kila siku. Utawala umekaa vizuri." Alisema kwa upole, na upole ndio uliomkata maini. "Umekwenda kuonja madarasa manne. Matatu umetoka ukikumbuka saa. Moja umesahau mpaka watoto. Si jibu hilo, Mama Pacha? Chagua isiyokusahaulisha."

"Ni jibu," alisema Mama Pacha. "Lakini sijui ni la swali gani."

Ijumaa hakuwapeleka pacha chekechea, hakuthubutu. Alikwenda nao chuoni, mmoja kila mkono, akapanga foleni kwenye dirisha la udahili. Fomu ilikuwa mkobani na kisanduku kilikuwa kitupu. Foleni ilisogea haraka kuliko alivyotaka. Mbele yake walibaki watu watano, wakabaki watatu.

Alijaribu kufikiri kama mtu mzima. Mume amesema kweli, na ukweli haukanushwi kwa kuwa unauma. Akiwa kwenye utawala, akili yake yote ilikuwa kwa wanawe. Kwenye takwimu hakuwa nao kabisa, na kwa zaidi ya saa moja na dakika kumi mwanawe alikaa na begi mgongoni akimwamini. Mama gani huona hivyo, halafu akarudi pale pale? Lakini pia, katika miaka yote aliyosema anataka kusoma, alikuwa akitafuta nini kama si kile? Alijionea aibu kwa kukitaka. Na aibu yote ile haikukipunguza hata kidogo. Kwa mara ya kwanza alijua anachokitaka, na ilimtisha kuliko kutojua.

"Wino tu, mama," alisema karani nyuma ya kioo. "Na nikishagonga mhuri, hakuna kubadilisha. Umechagua?"

Mama Pacha aliachia mikono ya watoto ili ashike kalamu. Mzee akahamia kwenye sketi. Akaandika herufi moja baada ya nyingine, na kisanduku kikajaa.

Bi Maswali alisimama kwa vidole kuchungulia. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza herufi. "Umeandika nini?"

"Takwimu."

"Ndiyo nini?"

"Ile ya jana. Ile ya maharage."

Mtoto alifikiri kidogo. "Ile iliyokufanya utusahau?"

Watu wawili kwenye foleni waligeuka. Mama Pacha alihisi masikio yanamchoma, na machozi yakaja bila kubisha hodi. "Ndiyo, mwanangu. Ile ile."

Bi Maswali aliitazama fomu, akamtazama mama yake.

"Basi itakuwa nzuri sana," alisema.

Mama Pacha aliisogeza fomu kwenye kioo. Karani alipitisha mkono chini ya kioo, akaivuta fomu, akagonga mhuri.